Edwin Mtei na bei ya shilingi: ugomvi wa 1979 unaofika hadi mashamba ya Korogwe na Handeni

Bei ya dola ikitangazwa kwenye taarifa ya habari, wengi wetu hupunguza sauti ya redio na kusubiri michezo. Dola ni mambo ya watu wa Dar es Salaam, tunasema. Lakini mkulima wa mkonge wa Ngombezi au Magunga anauza singa zinazolipiwa kwa dola, na mwenye trekta pale Mkata ananunua dizeli iliyolipiwa kwa dola. Dola ikipanda mmoja anapumua na mwingine anashika kichwa, na hao wawili wanaweza kuwa mtu na shemeji yake.

Swali la nani apange bei ya shilingi yetu, na nani aumie ikibadilishwa, liliwahi kumfanya waziri wa fedha wa nchi hii aache kazi. Waziri huyo ni Edwin Mtei. Vijana wengi wanalijua jina lake kwa sababu ya siasa za vyama vingi. Wazee wanaokumbuka noti za kwanza za Tanzania wanalijua kwa sahihi yake iliyokuwa juu ya noti zile. Katikati ya hayo mawili kuna kisa cha mwaka 1979 ambacho tunadhani kinafaa kuelezwa vizuri, kwa sababu kinasaidia kuelewa kinachoendelea sasa.

Kutoka Marangu hadi Benki Kuu

Edwin Mtei alizaliwa Marangu, Kilimanjaro, mwaka 1932. Katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 2009 anajieleza, tangu kwenye jina la kitabu, kuwa ni mchunga mbuzi aliyekuja kuwa gavana. Alisoma Makerere, Uganda, wakati ambapo chuo kile kilikuwa ndicho chuo kikuu cha Afrika Mashariki nzima, akahitimu mwaka 1957. Alianza kazi katika kampuni ya tumbaku, kisha akaingia serikalini kabla ya uhuru.

Uhuru ulipokuja, Watanganyika wenye shahada walikuwa wachache mno, na vyeo vilivyoachwa na Waingereza vilikuwa vingi. Ndiyo maana tunaona vijana wa umri wa miaka thelathini na kitu wakipewa wizara na mashirika. Mtei alifika kuwa Katibu Mkuu wa Hazina, ofisi inayotunza mfuko wa serikali.

Hadi wakati huo hatukuwa na fedha yetu. Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar zilitumia shilingi moja ya Afrika Mashariki, iliyotolewa na Bodi ya Sarafu. Mwaka 1965 nchi hizi ziliamua kuachana, kila moja iwe na benki kuu yake. Bunge letu likapitisha sheria ya Benki Kuu ya Tanzania mwezi Desemba 1965, na benki ikafunguliwa tarehe 14 Juni 1966. Gavana wake wa kwanza alikuwa Mtei. Alikuwa bado hajatimiza miaka 34.

Mwaka huo zikatoka noti zetu za kwanza, za shilingi 5, 10, 20 na 100. Kwa msikilizaji wa leo anayekata nauli ya bodaboda kwa Sh2,000, hebu fikiria: noti kubwa kuliko zote nchini ilikuwa ya shilingi mia. Dola moja ya Marekani ilikuwa shilingi saba na senti kidogo.

Mtei alikaa kwenye kiti hicho hadi 1974. Ndani ya miaka hiyo lilikuja Azimio la Arusha, Februari 1967, na benki za biashara zikataifishwa mara moja, ikazaliwa Benki ya Taifa ya Biashara. Mwezi Oktoba mwaka huohuo serikali ikachukua sehemu kubwa ya mashamba ya mkonge, na hilo tutalirudia kwa sababu linawahusu Korogwe moja kwa moja. Novemba 1967 Uingereza ilishusha thamani ya pauni yake. Tanzania, pamoja na Kenya na Uganda, hazikuifuata. Huo ulikuwa mtihani wa kwanza wa shilingi kujitegemea, na ilisimama.

Kutoka Benki Kuu Mtei alikwenda kuwa Katibu Mkuu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, Arusha. Kazi hiyo ilikuwa kama kukabidhiwa nyumba inayowaka moto. Idi Amin alikuwa Uganda, Kenya na Tanzania zilikuwa zikigombana, shirika la ndege la pamoja likafa, na Februari 1977 Tanzania ikafunga mpaka na Kenya. Watu wa mkoa wetu wanaikumbuka Horohoro iliyofungwa: njia ya Tanga kwenda Mombasa ilikatika hadi mwishoni mwa 1983, na magendo yakawa kazi. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977. Mwaka huohuo Mwalimu Nyerere akamteua Mtei kuwa Waziri wa Fedha.

Miaka miwili ya kuishiwa

Mtei aliingia wizarani wakati mzuri. Bei ya kahawa duniani ilikuwa imepanda sana mwaka 1976 na 1977, na akiba ya fedha za kigeni ilikuwa imejaa. Hapa lazima tuseme jambo ambalo wanaomsifu huliruka. Mwanzoni mwa 1978, serikali, kwa ushauri wa wakubwa wa fedha wa nje, ililegeza masharti ya kuagiza bidhaa. Bidhaa ziliingia kwa wingi, na akiba ile ya kahawa ikayeyuka kwa miezi michache. Mtei ndiye aliyekuwa waziri. Bei ya kahawa ikaanguka wakati ambapo ghala lilikuwa tayari tupu.

Kisha yakaja makubwa. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yakavamia Kagera. Vita ikaendelea hadi Kampala ilipoanguka Aprili 1979, na gharama yake kwa kawaida hukadiriwa kuwa dola milioni 500. Malori ya watu binafsi na ya mashirika yalichukuliwa kupeleka askari na chakula. Mwaka huohuo wa 1979 bei ya mafuta ikapanda dunia nzima kwa sababu ya mapinduzi ya Iran. Nchi ambayo haina mafuta, ambayo Jumuiya yake imevunjika na ambayo imetoka vitani, ilijikuta haina dola za kununua hata vipuri.

Ndipo serikali ikabisha hodi Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF. Shirika hilo hukopesha nchi zilizoishiwa fedha za kigeni, lakini mkopo wake una masharti. Kwa Tanzania masharti yalikuwa kushusha thamani ya shilingi, kubana mishahara na matumizi ya serikali, kuacha kupanga bei za bidhaa, na kufungua milango ya kuagiza.

Mtei alizungumza na ujumbe wa IMF na akaona kwamba, pamoja na uchungu wake, mpango ule ulihitajika, hasa kipengele cha shilingi. Akaupeleka kwa Mwalimu. Mwalimu alikataa, na alikataa kwa hasira. Mtei akaandika barua ya kujiuzulu, mwishoni mwa 1979. Nafasi yake ikachukuliwa na Amir Jamal, aliyekuwa amewahi kushika wizara hiyo kabla.

Mkesha wa mwaka ulipopita, tarehe 1 Januari 1980, Nyerere aliwaambia mabalozi wa nchi za nje waliokusanyika Dar es Salaam msimamo wake. Aliuliza tangu lini IMF imegeuka kuwa wizara ya fedha ya dunia, na akasema Tanzania haitauza sera zake ili ipate mkopo.

Kushusha thamani ni nini hasa

Tuache majina kidogo, twende kwenye hesabu, kwa sababu bila hesabu ugomvi ule unaonekana kama wa wakubwa wawili kutunishiana misuli.

Chukua tani moja ya singa. Tuseme, kwa mfano tu, mnunuzi wa nje analipa dola 1,000. Mwaka 1979 dola ilikuwa kiasi cha shilingi 8. Anayeuza tani ile akienda benki anapewa shilingi 8,000. Sasa serikali ikisema dola ni shilingi 16, tani ileile, kwa mnunuzi yuleyule, inaleta shilingi 16,000. Aliyeuza hajaongeza hata jani moja.

Geuza upande wa pili. Pipa la dizeli la dola 30 lilikuwa shilingi 240. Baada ya mabadiliko ni shilingi 480. Anayenunua hajaongezewa hata lita.

Kwa hiyo shilingi inayotangazwa kuwa na nguvu kuliko ilivyo ni kodi ya kimyakimya kwa anayeuza nje, na ni zawadi kwa anayepata kibali cha kununua vya nje. Miaka ile anayeuza nje alikuwa kijijini: kahawa, pamba, mkonge, korosho, chai. Anayepata kibali alikuwa mjini, mara nyingi shirika la umma au kiwanda. Mtu wa Marangu aliyekulia kwenye migomba na kahawa hakuhitaji kufundishwa hilo Washington.

Na shilingi ile haikuwa na nguvu kweli. Dola ya mtaani ilikuwa inauzwa kwa bei mara kadhaa ya ile ya benki. Kila mwenye kibali cha kuagiza alikuwa na utajiri mkononi kabla hata ya meli kufika bandarini. Hapo ndipo ulanguzi ulipozaliwa. Wapo wanaoamini kwamba ulanguzi ulitokana na tabia mbaya ya wafanyabiashara. Sisi tunaona tofauti ya bei ile ingemlangua hata mtu mwema.

Hofu ya Mwalimu haikuwa ya bure

Itakuwa rahisi kuandika hapa kwamba Mtei alikuwa sahihi na Nyerere alikosea, tumalize. Wengi huandika hivyo. Lakini Nyerere alikuwa na sababu zake.

Kwanza, alikuwa amewaona wenzake. Ghana, mwezi Desemba 1971, Waziri Mkuu Kofi Busia alishusha thamani ya sedi kwa kiwango kikubwa. Katikati ya Januari 1972 jeshi lilikuwa limempindua. Misri, Januari 1977, serikali ilipandisha bei ya mkate na vyakula vingine kwa kufuata ushauri wa wakopeshaji, watu wakaingia barabarani na wengi wakafa. Baadaye, mwaka 1986, Zambia nayo ilipata ghasia mbaya kwenye miji ya shaba baada ya ruzuku ya unga kuondolewa. Rais anayeyajua haya hawezi kusaini kirahisi.

Pili, swali lake lilikuwa la haki: kwa nini bei ya vita na ya mafuta, vitu ambavyo maskini hakuvianzisha, ilipwe kwa kupandisha bei ya sembe ya maskini?

Tatu, na hili linatuhusu sisi wa huku, bei nzuri ya dola isingemfikia mtu wa kijijini yenyewe tu. Mwaka 1979 mkulima wa Handeni hakuuza mahindi kwa mnunuzi wa nje wala kwa anayemtaka. Alitakiwa kuuza kwa Shirika la Usagishaji la Taifa, NMC, kwa bei iliyopangwa na serikali, na kusafirisha mahindi kutoka wilaya moja hadi nyingine kulihitaji kibali. Pale Korogwe, mashamba makubwa ya mkonge yalikuwa ya shirika la umma. Watu wengi wa Hale, Mwelya au Magoma walikuwa vibarua na wafanyakazi wa mshahara, watoto na wajukuu wa manamba waliotoka mbali, wakiishi kwenye makambi. Shilingi ingeshushwa, pesa za ziada zingeingia kwanza kwenye hesabu za shirika. Kama zingefika mfukoni mwa mkata mkonge ni jambo la kubishaniwa, maana mpango uleule wa IMF ulitaka mishahara ibanwe.

Kwa maneno mengine, wote wawili walikuwa wakibishana juu ya mtu wa kijijini, na hakuna aliyekuwa na njia ya kumfikishia kitu bila kupitia shirika la umma.

Kilichotokea baada ya kukataa

Septemba 1980 Tanzania ilirudi IMF na kupata makubaliano, ila yalivunjika baada ya muda mfupi kwa sababu serikali ilivuka viwango vya matumizi vilivyokubaliwa. Kisha ikaja miaka ambayo wazazi wetu hawataki kuikumbuka. Sabuni, sukari, mafuta ya kula, kanga, betri za redio: vyote vilikuwa vya foleni kwenye maduka ya RTC na ya ushirika, au vya kujuana. Unga wa njano wa msaada, ule watu walioubatiza jina la yanga, ukawa chakula cha nyumbani. Bei zilipanda karibu asilimia 30 kwa mwaka. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine akaanzisha msako wa wahujumu uchumi, watu wakakamatwa, wengine wakatupa bidhaa vichakani na mitoni.

Tunachotaka msikilizaji akione ni hiki: bei zilizoogopwa zilipanda hivyohivyo. Kushusha thamani kulikataliwa ili maskini asipandishiwe bei, na maskini akapandishiwa bei mtaani bila kupata hata faida ya upande wa pili, ya kuuza mazao yake kwa shilingi nyingi zaidi.

Na shilingi yenyewe ikaja kushushwa hatua kwa hatua. Juni 1984, katika bajeti ya Cleopa Msuya, dola ilifika shilingi 17, ruzuku ya unga wa sembe ikaondolewa, na mwenye dola zake nje akaruhusiwa kuleta bidhaa bila kuulizwa maswali mengi. Hapo ndipo rafu za maduka zilipoanza kuwa na kitu. Mwalimu alistaafu urais mwaka 1985. Mwaka 1986, chini ya Rais Ali Hassan Mwinyi, na Msuya akiwa tena Hazina, Tanzania ikasaini na IMF. Dola ikawa shilingi 40 mwezi Juni mwaka huo, na ikaendelea kupanda.

Kutoka 8 hadi 40 ndani ya miaka saba. Mtei alijiuzulu kwa ajili ya mabadiliko madogo kuliko hayo kwa mbali. Hii ndiyo sehemu ya kisa chake inayouma: dawa ya kijiko ilikataliwa, ikaja kunywewa ya kikombe.

Msuya, mtu wa Mwanga, jirani zetu wa njia ya reli ya kwenda Moshi, ndiye aliyetekeleza kile Mtei alichoshindwa. Alifariki Mei 2025, na katika salamu nyingi za rambirambi watu walizungumzia uwaziri mkuu wake kuliko bajeti ile ya 1984. Tunaona bajeti ile ilibadilisha maisha ya watu wengi zaidi.

Mkonge haukurudi kwa shilingi peke yake

Kama thamani ya shilingi ndiyo ingekuwa kila kitu, baada ya 1986 Korogwe ingekuwa imejaa mkonge kama zamani. Haikuwa hivyo.

Mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, miche michache iliyonusurika safari ndefu kutoka Florida, ikapandwa karibu na Pangani. Kutoka hapo ulienea hadi Tanganyika ikawa ya kwanza duniani. Mwaka 1964 ilizalishwa kama tani 230,000. Katikati ya miaka ya 1980 tulikuwa chini ya tani 40,000.

Shilingi iliyotiwa nguvu za bandia ilichangia, kwa sababu shirika lilipata shilingi chache kwa kila tani huku gharama zikipanda, na dola za kununua vipuri vya korona na matrekta hazikupatikana. Lakini kulikuwa na kamba za plastiki, ambazo zilianza kuiba soko katikati ya miaka ya 1960, kabla ya Azimio la Arusha. Kulikuwa na Brazil, iliyochukua nafasi yetu. Na kulikuwa na uendeshaji mbovu wa mashamba yaliyotaifishwa, ambao hakuna bei ya dola ingeuponya. Mkonge unachukua miaka mitatu hivi kabla ya kukatwa mara ya kwanza. Shamba lisipopandwa upya leo, pengo linaonekana baada ya waliofanya uamuzi kuhama ofisi.

Kilichobadilisha sura ya Korogwe ni jambo lingine. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mashamba ya shirika yaliuzwa, na katika mashamba matano, Hale, Mwelya, Magunga, Magoma na Ngombezi, ukaanza mpango wa kugawa maeneo kwa wakulima wadogo walime mkonge wao. Safari haikuwa tamu. Makato, madeni na bei zilileta malalamiko makubwa hadi serikali kuu ikaingilia kati, mkonge ukatangazwa kuwa zao la kimkakati, na lengo likawekwa la kufika tani 120,000. Bado uzalishaji uko mbali na ule wa 1964.

Lakini kwa mara ya kwanza, yule mtu ambaye Mtei na Nyerere walikuwa wakimgombea yupo kweli. Ni mwanachama wa AMCOS, ana hekta zake, na singa zake zinauzwa nje. Dola ikipanda, kitu kinapaswa kumfikia yeye, si shirika.

Aliyetoka kwa mlango wa mbele

Mtei baada ya kujiuzulu hakukamatwa wala hakukimbia nchi. Alikwenda shambani kwake, kahawa, karibu na Arusha. Miaka michache baadaye, katika miaka ya 1980, alikwenda Washington kuwa mmoja wa wakurugenzi watendaji wa IMF, akiwakilisha kundi la nchi za Afrika. Wapinzani wake waliona hiyo ni zawadi ya waliokuwa wakimtuma. Inawezekana pia kusema kwamba nchi maskini zilihitaji mtu mle ndani aliyejua foleni ya sabuni ilivyo.

Mwaka 1992 mfumo wa vyama vingi uliporudi, alianzisha CHADEMA na wenzake na kuwa mwenyekiti wake wa kwanza hadi 1998. Aliyempokea, Bob Makani, naye aliwahi kuwa naibu gavana wa Benki Kuu, jambo linaloonyesha chama kile kilianza kama mazungumzo ya watu wa hesabu kabla hakijawa cha mikutano ya hadhara. Hatutaingia kwenye siasa za chama hicho za miaka ya karibuni. Hiyo ni makala nyingine.

Kwa utumishi wa umma, barua ile ya 1979 ina uzito wake. Katika nchi yetu waziri hutenguliwa, huhamishwa, au huwajibika kwa kashfa, kama Ali Hassan Mwinyi alivyojiuzulu uwaziri wa mambo ya ndani miaka ya 1970 kwa makosa ya walio chini yake. Waziri anayeondoka kwa sababu hesabu zake na za rais hazilingani ni adimu. Angeweza kukaa, kunyamaza, na kusoma bajeti asiyoiamini. Alikuwa na mkono ndani ya makosa ya 1978, tumelisema hilo, na huenda kuyajua ndiko kulikomfanya aone haraka kwamba hakuna tena pa kuchota.

Leo: IMF bila kelele

Miaka ya karibuni Tanzania iliingia tena kwenye mpango na IMF. Julai 2022 shirika hilo liliidhinisha mkopo wa zaidi ya dola bilioni moja kwa Tanzania, na mwaka 2024 likaongeza mwingine kwa ajili ya mabadiliko ya tabianchi. Hakuna waziri aliyejiuzulu, wala hotuba kali mbele ya mabalozi. Moja ya mambo yaliyosisitizwa kwenye mpango huo lilikuwa lilelile la 1979: bei ya shilingi iachwe ifuate soko.

Tuliona maana yake mwaka 2023, dola zilipoadimika. Waagizaji wa mafuta walilalamika kwamba benki hazina dola, na baadhi ya vituo vikakauka. Mwaka 2024 dola ilivuka Sh2,600, kisha mwishoni mwa mwaka ikashuka chini ya Sh2,500. Benki Kuu imekuwa ikinunua dhahabu ya ndani ili kuongeza akiba, na Machi 2025 serikali ilitoa kanuni zinazokataza kupanga bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi. Kodi ya nyumba au ada ya shule haitakiwi tena kutajwa kwa dola.

Kwa Handeni, ambako watu wengi wanauza mahindi, mihogo na mifugo humuhumu nchini, dola ikipanda inakuja kama dizeli, dawa za mifugo, bomba la kunyunyizia na nauli ya basi la kwenda Segera. Faida yake inaonekana kidogo, labda kwa mwenye ufuta, mwenye mkonge wa Kabuku au mchimbaji mdogo wa dhahabu. Ruzuku ya mbolea iliyoanza msimu wa 2022/23 ilikuwa kwa sehemu jibu la jambo hili: serikali inabeba kipande cha bei ya dunia badala ya kumwachia mkulima chote. Nyerere angeielewa. Mtei angeuliza fedha zinatoka wapi, na angekuwa na haki ya kuuliza.

Kwa mkulima wa mkonge wa Korogwe, kuna jambo la kufuatilia kwenye karatasi za malipo. Singa zikiuzwa kwa bei iliyopangwa kwa dola, kati ya siku ya mauzo na siku pesa zinapoingia kwenye akaunti au simu, dola inaweza kuwa imepanda au imeshuka. Kwa tani moja ya dola 1,000, tofauti ya shilingi 100 kwa dola ni Sh100,000 nzima. Je, hesabu imepigwa kwa bei ya dola ya siku gani, na nani ameipanga? Mwanachama wa AMCOS anaweza kuuliza hilo kwenye mkutano mkuu na kutaka jibu liandikwe kwenye muhtasari. Bei ya dola ya kila siku hutangazwa na Benki Kuu kwenye tovuti yake, na inasomeka hata kwenye simu ndogo yenye intaneti.